Tukifika Kangemi Inaacha

Hainitoki akilini asubuhi moja ya Jumanne, miaka mingi kabla ya hii barabara ya juu kupita Westlands, asubuhi ambayo mama yangu aliniambia jambo akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari langu. Sauti yake niliisikia vizuri. Maneno yenyewe niliyaacha yapite, na nusura yanigharimu zaidi ya nilivyoweza kulipa. Keti kidogo, mwanangu, nikusimulie jinsi ilivyokuwa, maana wewe nawe umeanza kuendesha gari na kuna watu watakaokaa nyuma yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa magari katika gereji moja huko Westlands, nyuma ya maduka, pale ambapo leo pana jengo refu la vioo na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Wakati huo palikuwa na uwanja wa udongo uliolowa oili, paa la mabati, na shimo la kuingilia chini ya magari. Nilikuwa na jina pale. Mteja akifika aliuliza kwanza kama Karanja yuko. Niliwasha injini, nikainamisha kichwa nikisikiliza, na mara nyingi nilishajua kasoro kabla boneti haijafunguliwa. Jambo hilo lilinifanya nijione. Nakuambia mapema ili ujue nilikuwa mtu wa aina gani.

Mwaka huo nilipata gari langu la kwanza, stesheni wagoni kuukuu la rangi ya maziwa, la aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nililikuta limekufa injini, kuku wanataga ndani. Nililifufua mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na siku lilipowaka nililizungusha uwanja mzima wa gereji huku wenzangu wakigonga vyuma kwa spana zao kunipongeza.

Sababu ya kulitaka gari ilikuwa mama. Alikuwa akiishi kwetu Kikuyu na dada yangu Nyambura, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alitakiwa afike kliniki Upper Hill. Hapo awali alikuwa akiunganisha magari mawili, kisha anaupanda ule mlima kwa miguu, miguu ambayo tayari ilikuwa imeanza kuvimba. Nilipopata gari niliona nimemtua mzigo mkubwa.

Alipenda kukaa nyuma, kwa sababu huko aliweza kunyoosha miguu. Akishaingia tu alivua viatu, akavipanga pembeni vikielekea mlangoni, kisha akaweka nyayo tupu juu ya sakafu. Alisema viatu vinambana. Nadhani pia alifurahia kukaa hivyo, kama mtu aliye sebuleni kwake, akiangalia mashamba na nyumba za watu zikipita.

Basi Jumanne hiyo tulitoka mapema ili tuiwahi foleni. Kutoka Kikuyu kushuka hadi Uthiru barabara ilikuwa wazi, nikakanyaga mafuta hadi mshale ukafika tisini. Mama akaniita kwa sauti ya chini.

"Karanja, kuna kitu kinatetemeka hapa."

"Wapi, Mama?"

"Hapa miguuni. Kinapanda mpaka magotini."

Nililegeza mikono nikaushika usukani kwa vidole viwili. Ulikuwa umetulia kabisa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeyabalansi magurudumu ya mbele mwenyewe, yaani kuyapachika vile vipande vidogo vya madini ya risasi ili yazunguke bila kurukaruka. Kwa hiyo moyoni nilishatoa hukumu. Gari langu halikuwa na kasoro.

"Gari liko sawa, Mama," nikamwambia. "Hiyo ni sukari. Si daktari alisema sukari hushika miguu?"

Tukapita Uthiru. Kisha akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Lakini tukifika Kangemi inaacha."

"Ni damu imeshaanza kutembea vizuri," nikasema. Mambo ya damu nilikuwa siyajui hata kidogo, lakini nililisema hilo kwa sauti ileile niliyotumia kuwaambia wateja kwamba klachi imeisha.

Tulipofika kliniki, daktari alikuwa kijana mpole mwenye watu wengi nje ya mlango wake. Aliangalia karatasi za mama, akamgeukia akamuuliza, "Mama, miguu iko aje siku hizi?"

Mama alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Daktari, siku hizi inatetemeka. Inaanzia kwa nyayo inapanda mpaka magoti."

"Hata usiku?"

"Mara nyingi," nikajibu.

Mara nyingi. Sikuwa nimemuuliza mama kuhusu usiku. Sikuwa nimemuuliza chochote. Daktari aliandika vidonge vya mishipa ya miguu, akatueleza kwamba vitamlegeza kidogo mwanzoni. Yule daktari simlaumu mpaka leo. Alitibu maneno niliyompa.

Vile vidonge vilimlegeza mama kuliko tulivyotarajia. Alianza kulala mchana akiwa na sinia ya maharagwe mapajani, mkono mmoja bado umo ndani ya maharagwe. Siku za Alhamisi alikuwa akienda kuimba na akina mama wenzake kanisani. Akaacha, akisema maneno ya nyimbo yanamponyoka. Shamba la sukuma wiki nyuma ya nyumba lilimshinda. Mimi nilikuja kila Jumanne ya zamu, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikamwendesha. Mara ya pili nilipomuuliza hali ya miguu alisema ni ileile. Mara ya tatu alisema afadhali. Baadaye hakusema kitu tena, nami nikajipongeza kwamba dawa zimeanza kufanya kazi. Sikujua kwamba huko nyuma alikuwa akishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili kuanzia tunapoingia barabara kuu, akingojea Kangemi.

Ikapita miezi mitatu hivi. Siku moja Nyambura akaja gereji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama karibu na lango akiuzungusha mkanda wa mkoba wake kidoleni.

"Mama ameanza kugawa vitu," akaniambia.

"Vitu gani?"

"Zile sufuria zake kubwa mbili amempa Mama Gathoni, jirani. Kabuti lake amempa shangazi. Na jana ameniita chumbani akanionyesha mahali ameweka cheti cha shamba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni vizuri mtu ajue."

Nilisimama pale na spana mkononi. Nyambura hakulia, na mimi sikulia. Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaondoka.

Sasa nikujulishe Mzee Makokha. Alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likichoma. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi tangu nilipokuwa sijui hata kufungua nati. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiona umekosea alikuacha ukosee mpaka mwisho, kisha akakuuliza swali moja. Asubuhi hiyo, saa nne wakati wa chai, alikuja akaketi kando yangu juu ya tairi na kikombe chake.

"Karanja, hiyo spana umeishika tangu saa tatu na hakuna nati umegusa."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba mama yangu ananiponyoka, kwamba sukari imemwingia miguuni, inatetemeka, amepewa dawa, na sasa anagawa vyombo vyake kama mtu anayehama. Mzee Makokha alikunywa chai yake polepole.

"Hiyo miguu inatetemeka saa gani?"

"Tukienda kliniki."

"Akiwa kwa nyumba?"

Nilitaka kujibu haraka kama kawaida yangu, nikagundua sijui. Nilijaribu kukumbuka. Sikuwahi kumwona akitetemeka nyumbani, wala Nyambura hakuwahi kulitaja. "Kwa nyumba sijaona," nikasema.

"Na kwa gari, inatetemeka njia yote?"

"Hapana. Alisema tukifika Kangemi inaacha."

Mzee Makokha aliweka kikombe chini, akaangalia mbele.

"Huo ni ugonjwa gani, Karanja, unaoijua Kangemi?"

Nilianza kuhisi joto masikioni. Kila mtu aliyeijua barabara ile alijua kwamba ukifika Kangemi unapunguza mwendo, kwa sababu hapo watu na magari huwa wengi. Mwendo ukishuka, mtetemeko unakwisha. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angelitambua jambo hilo kwa gari la mteja.

"Usukani umetulia," nikasema, nikijitetea. "Mbele nimebalansi mwenyewe."

"Sijakuuliza ya mbele. Mteja akikuja hapa akwambie kiti cha nyuma kinatetemeka akiwa tisini, wewe hufanya nini?"

"Namwomba mtu aendeshe. Mimi nakaa nyuma, nasikiliza."

"Sawa." Alisimama akajipangusa suruali. "Mtu ambaye hata jina lake hulijui, unamkalia nyuma. Mama yako umemwambia ni mgonjwa."

Hakupandisha sauti. Alirudi kwenye gari alilokuwa akilishughulikia, akalala chini, akaingia. Mwanangu, nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, tena na watu wanaojua kutukana. Hakuna maneno yaliyowahi kunishusha kama yale, na yalisemwa kwa upole, na mtu aliyekuwa akinipenda.

Jumamosi iliyofuata Mzee Makokha alifika Kikuyu asubuhi, viatu vimepigwa rangi, akakaribishwa chai na Nyambura, akanywa vikombe viwili. Mama alikuwa amevaa sweta mbili. Tulipomweleza kwamba tunataka kwenda naye barabarani kidogo, hakuuliza sababu. Alikuwa ameshafika mahali pa kukubali kila kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipolitambua.

"Mama Karanja, leo dereva ni mimi," Mzee Makokha akamwambia. "Huyu atakaa na wewe huko nyuma."

Mama akaniangalia. "Amefukuzwa kazi?"

"Bado kidogo," akajibu mzee.

Tuliingia. Mama akavua viatu vyake na kuvipanga. Mzee Makokha akageuka akaniangalia miguu, buti zangu nene za gereji zenye chuma mbele.

"Vua," akasema.

Nikavua. Mama akatazama chini. "Soksi imetoboka," akaniambia. Nikavua na soksi. Nikaweka nyayo zangu juu ya sakafu ya gari nililolifufua kwa mikono yangu, na ndipo nikafahamu kwamba tangu nilinunue sikuwahi kukaa kiti kile hata siku moja.

Mzee alichukua barabara ya kuelekea Limuru, kwa sababu huko kulikuwa wazi zaidi. Hamsini, sitini, sabini. Sakafu ilikuwa baridi na tulivu. Nilianza kuwa na tumaini la kijinga kwamba sitasikia kitu. Tulipopita themanini kitu kiliamka chini yetu. Mwanzoni kilikuwa kidogo, kama mzinga wa nyuki uliofichwa chini ya zulia. Ilipofika tisini kilikuwa kimeshika nyayo zangu zote mbili, kikapanda kwenye mifupa ya miguu, kikafika magotini. Ilikuwa vilevile alivyonieleza, neno kwa neno.

Nikamwangalia mama. Yeye alikuwa akiniangalia miguu. Alinyoosha mkono akauweka juu ya goti langu, akauacha hapo, kama mtu anayepima joto la mtoto. Goti lilikuwa likitetemeka chini ya kiganja chake.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia, Mama."

Kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti ya mtu mdogo sana:

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe," nikasema. "Ni gari. Tangu mwanzo lilikuwa gari."

Akageuza uso akaangalia dirishani. Mkono wake haukutoka gotini pangu. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Mzee Makokha, huko mbele, aliendelea na kazi yake kana kwamba hasikii kitu, akitaja kila hatua kwa sauti ili nisikie. "Usukani umetulia, kwa hivyo si magurudumu ya mbele. Sasa natoa gia." Injini ikashuka sauti, gari likaendelea kuteleza lenyewe, na sakafu ikatetemeka vilevile. "Si injini." Akagusa breki taratibu, na mtetemeko haukuongezeka. "Si breki. Iko nyuma, ama iko hapo katikati chini yenu. Mama Karanja, umetuonyesha mahali pa kutafuta. Asante."

Mama akafuta uso kwa ukingo wa sweta. "Hakuna aliyeniuliza," akajibu.

Tuligeuza gari tukashuka moja kwa moja mpaka Westlands, polepole, mzee hakupita hamsini. Tulitaka kumteremsha mama nyumbani akakataa. Alisema anataka kukiona kitu chenyewe. Kwa hiyo tulimwekea kiti cha plastiki kwenye kivuli cha mabati, tukamletea chai, naye akakaa hapo kati ya matairi na madebe ya oili, mkoba wake mapajani, akitazama kila tulichofanya.

Nilianza na magurudumu ya nyuma. Nikayapima moja moja kwenye mashine. Yalikuwa sawa, na matairi yenyewe hayakuwa na uvimbe ndani wala nje. Basi nikashuka shimoni. Kwenye magari ya aina ile, mwanangu, kuna chuma kirefu kinachopita chini ya sakafu kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Mafundi tunakiita propela. Kina viungo, kama goti lako lilivyo na kiungo, na kila kiungo kinataka grisi. Nilimulika kiungo cha nyuma nikaona kimezungukwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Niliishika ile propela kwa mikono miwili nikaisokota kidogo. Ikagonga. Nikaisokota tena, ikagonga tena.

Mzee Makokha alikuwa ameshuka, yuko kando yangu. Alikigusa kile kiungo, akasugua lile vumbi kati ya vidole vyake.

"Ulipofufua hii gari, hapa ulifungua?"

"Sikufungua."

"Kwa nini?"

"Nilisikiliza tu. Sikusikia kitu."

Alitikisa kichwa. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ili mama asisikie kule juu: "Hii ikikatika ukiwa tisini, inaanguka inadunga lami. Gari inaruka. Na yeye ndiye amekaa juu yake."

Nilihesabu zile Jumanne zote.

Nilipotoka shimoni nilikwenda nikachuchumaa mbele ya kiti cha mama. Nilimwonyesha kile kiungo tulichokuwa tumekifungua, nikamweleza. Alikichukua, akakigeuza, akachafua vidole vyake bila kujali. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Mama yangu alianza na miguu," akasema. "Ilimtetemeka mwanzo wa mvua, na kabla hatujavuna mahindi tulikuwa tumemzika. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Uliposema ni ugonjwa, nikajua umenifikia mimi pia."

"Na ukakaa na jambo hilo miezi hii yote? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Ukasema gari liko sawa."

Alilisema bila kunisuta, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Niliinamisha kichwa. Nilimwambia anisamehe, na nadhani nililisema mara kadhaa, kwa sababu mwishowe alinishika sikio kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo.

"Nimekusamehe. Sasa mwambie Nyambura aende akachukue sufuria zangu kwa Mama Gathoni kabla hajazizoea."

Mzee Makokha alicheka kule shimoni mpaka akakohoa.

Tulipata kiungo kipya, tukakifunga, tukakitia grisi, na tukakagua kila kiungo kingine kilichokuwa chini ya gari lile. Kisha tukarudi barabarani, mzee akiendesha, mimi na mama nyuma, bila viatu. Tisini. Sakafu ilikuwa kimya. Mama alifumba macho, na nilipomwangalia tena alikuwa amelala, na huo haukuwa usingizi wa vidonge.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Kuna jambo moja limebaki, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine.

Jumanne iliyofuata nilimwambia daktari ukweli, kwamba yale maelezo yalikuwa yangu na yalikuwa ya uongo, na kwamba kilichokuwa kinatetemeka ni gari. Kisha nikamwomba amuulize mama upya, mimi nikiwa nimenyamaza. Nilikaa pembeni, mikono katikati ya magoti. Daktari akauliza swali lilelile, miguu iko aje, na safari hii kulikuwa na nafasi ya jibu. Mama alichukua muda. Alisema miguu haimtetemeki, haijawahi kumtetemeka nyumbani. Halafu akasema, "Lakini kuna kidole kimoja ambacho sikisikii."

Daktari alimvua kiatu yeye mwenyewe. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda, kidogo kama punje ya dengu, kisichouma kwa sababu ganzi ilikuwa imeshashika pale. Mama hakujua kwamba kipo. Sisi sote hatukujua. Miezi mitatu tulikuwa tumeshughulika na mtetemeko ambao haukuwa wake, na ugonjwa wake wa kweli ulikuwa umekaa kimya ndani ya kiatu. Daktari alikiosha, akakifunga, akamwachisha vile vidonge taratibu, akatuambia tuje kila wiki. Alisema tungechelewa kidogo zaidi tungekuwa tunazungumza kuhusu kukata.

Kidonda kilipona. Kilichukua muda, lakini kilipona. Mama alirudi kuimba Alhamisi, akarudi kwenye sukuma wiki zake, akatembea kwa miguu yake miwili mpaka alipotuacha, miaka mingi baadaye, akiwa mzee. Wajukuu wake walipata kumjua. Katika safari zetu zote alikuwa na neno la kusema kuhusu gari, na kila aliposema nilisimama kando ya barabara nikaangalia, hata pale nilipojua hakuna kitu. Mara nyingi hakukuwa na kitu. Mara mbili kilikuwepo.

Mzee Makokha naye alirudi kwao Bungoma alipochoka na mji. Nilimtembelea mara nyingi. Hatukuwahi kuzungumza tena kuhusu siku ile, maana yeye hakuwa mtu wa kumkumbusha mtu aibu yake.

Mwanangu, siku hizi mnachomeka kifaa kwenye gari nacho kinakuandikia kasoro iko wapi. Ni kitu kizuri, hata mimi ninacho na ninakitumia. Lakini mtetemeko wa mwendo kasi mara nyingi hakiuoni, kwa hiyo bado kuna mambo ya kujua mwenyewe. Usukani ukitikisika mikononi, tazama magurudumu ya mbele. Ukihisi kwenye kiti au sakafuni na usukani umetulia, nenda nyuma na uende chini. Kama unakuja ukikanyaga breki tu, basi ni breki. Toa mguu kwenye mafuta usikilize kama unabadilika. Na usingoje eti kwa sababu mjini hausikiki. Foleni ya Westlands haijawahi kuonyesha kasoro ya gari lolote.

Hayo ni ya magari, na fundi yeyote mwaminifu atakuambia. Langu mimi ni hili. Mtu akikuambia kuna jambo linamsumbua pale alipo, usimjibu kutoka pale ulipo wewe. Inuka ukakae alipokaa yeye. Hasa kama ni mtu wako, kwa sababu watu wetu ndio tunaowakatiza maneno upesi, tukidhani tunawajua. Mgeni tunamsikiliza mpaka mwisho, mama tunamjibu katikati. Na ukienda na mzee wako kwa daktari, mpeleke, mshike mkono, mfungulie mlango, kisha unyamaze. Mwili ni wake. Mwache aseme mwenyewe, hata akichukua muda, hata daktari akiangalia saa. Ukijua umekosea, sema mbele ya wale uliowadanganya, usingoje wagundue. Aibu ya kusema ni ya siku moja tu. Mimi nilipona yangu, na nilibaki na mama.

Haya, nenda. Mungu akutangulie katika kila barabara utakayoshika, akupe safari ndefu na watu wa kusafiri nao, na kila mnapofika mwendako, awakute bado mnazungumza.